Hita iliyokuwa ikiangusha breka

Hita yetu ya maji ya lita 50 hapa Raskazone, Tanga, ilianza kwa kelele: ikiwashwa, inapasuka-pasuka ndani kama bisi kwenye sufuria. Baadaye maji yakawa ya uvuguvugu tu, na mwishowe breka ya umeme ikawa inaanguka, yaani inajizima, kila hita ikiwashwa.

Kelele zile ni dalili ya ukoko wa chokaa kwenye koili, kile chuma kinachopasha maji. Maji yetu ni ya kisima, na huku mawe ya chokaa ni mengi. Hata mapango ya Amboni yamo ndani ya mawe hayo.

Nikazima umeme kwenye breka yenyewe, maana swichi ya ukutani pekee haitoshi kuiaminia uhai wako. Fundi umeme akachomoa nyaya za koili, akapima kwa mita. Koili nzima ya wati 1500 kwa volti 230 husoma ukinzani wa kama omu 35, na kati yake na ardhi pasiwe na njia ya umeme kabisa. Yetu ilikuwa na njia: ganda limepasuka, umeme unavuja kwenye maji. Hapo usiongeze ukubwa wa breka, tafadhali. Inakulinda.

Tukafunga maji, tukamwaga tangi, tukatoa vipande vya chokaa. Ile fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya tangi ilibaki waya mtupu, nayo tukabadilisha pamoja na koili na gasketi. Tukajaza maji hadi bomba la moto likatiririka bila hewa, ndipo tukawasha. Breka haijaanguka tena.