Siku moja maishani mwangu: PLL inayoshika haraka bila kuvuja

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai nafungua kompyuta kuangalia simulesheni iliyokesha. Nasanifu saketi za chipu kwenye maabara ya chuo hapa Dar es Salaam, na kazi iliyo mezani sasa ni PLL (phase-locked loop, saketi inayoyaweka masafa ya redio mahali pake) ya redio ya mita za maji. Redio hii hulala muda mwingi, huamka, hutuma usomaji, hulala tena. Ikiamka haiwezi kutuma kitu mpaka PLL ishike, yaani mpaka osileta ya ndani, inayozalisha mawimbi ya redio, ifuatane sawasawa na kristali, ambayo mapigo yake ni thabiti. Betri inayoliwa wakati wa kusubiri huko ni hasara tupu, na mita inatakiwa ikae ardhini miaka mingi bila mtu kuigusa.

Grafu imetoka. Kwenye joto la nyuzi 27 PLL inashika vizuri sana. Kwa nyuzi 85 inashika, halafu ikilazwa, volteji ya waya wa udhibiti, ule unaoiongoza osileta, inaanza kushuka polepole.

Saa 2 asubuhi. Daladala, foleni, maabara. Hapa tunatumia Xschem kuchora, ngspice kupima na Magic kupanga chipu yenyewe. Zana hizo ni za bure, na teknolojia ya kutengenezea chipu ni SKY130 ya nanomita 130, ambayo kiwanda cha chipu cha SkyWater na Google waliifungua kwa umma mwaka 2020. Zamani kazi kama hii ungeitamani tu kwa mbali, kwa sababu leseni za programu peke yake zingekumaliza.

Saa 3. Mwanafunzi wangu wa uzamili anavuta kiti.

“Shikamoo Mwalimu. Sasa kama tunataka ishike haraka, si tuongeze tu mkondo wa pampu tuache hivyo?”

“Marahaba. Ongeza uone itakavyoyumba.”

Tunakaa naye ubaoni. Kristali yetu ni ya 14 MHz na tunaizidisha mara 31 kupata 434 MHz. PLL inalinganisha osileta na kristali; zikipishana, pampu ya chaji inasukuma mkondo kwenye chujio (kapasita na rezista), na volteji ya chujio, kupitia waya wa udhibiti, inaiongoza osileta. Njia hiyo inayojirudia ndiyo kitanzi. Tangu Floyd Gardner alipozichambua PLL za pampu ya chaji mwaka 1980, inajulikana kwamba kitanzi chenye haraka kupita kiasi hakitulii, na wasanifu wengi huweka upana wa kitanzi, yaani kasi yake ya kujirekebisha, chini ya sehemu moja ya kumi ya masafa ya kristali. Kitanzi kipana pia hupitisha makelele mengi ya kristali na ya pampu. Kwa hiyo tuna mwendo wa aina mbili. Wakati wa kutafuta, mkondo unapanda kutoka mikroampea 5 hadi 80, mara 16, na rezista ya chujio inashuka kutoka kilo-omu 60 hadi 15, robo yake. Upana wa kitanzi unakuwa mara nne, toka 300 kHz hadi 1.2 MHz, na utulivu unabaki uleule. Ikishashika tunarudi mwendo mdogo.

Mwanafunzi anarudia hesabu mwenyewe, anatikisa kichwa kukubali. Napenda sana dakika hizo.

Saa 5. Hapa ndipo penye kazi. Pampu kubwa ya mikroampea 80 ina transista pana, na hata ikizimwa bado imeunganishwa na waya wa udhibiti. Transista iliyozimwa huvuja, na joto likipanda huvuja zaidi. Kwa nyuzi 85 simulesheni inaonyesha nanoampea 5. Ukilinganisha na pampu ndogo ni sehemu moja ya elfu tu, lakini pampu inalazimika kuirudisha hiyo chaji kila mzunguko, na waya ukitikisika kila mzunguko masafa ya redio yanaota vijimasafa pembeni, 14 MHz huku na huku.

Kinachoniuma zaidi ni usingizi. Chujio letu lote ni pikofaradi 37 hivi. Nanoampea 5 zinaishusha volteji yake kwa milivolti 135 kila milisekunde, na osileta yetu husogea 200 MHz kwa kila volti. Milisekunde moja ya kulala, umepotea 27 MHz. Redio ikiamka inaanza kutafuta upya, na ule mwendo wa haraka tuliojivunia unatumika kurudisha kilichovuja kwenye pampu yake yenyewe! Ndiyo maana sikubali watu wanaposhughulikia kasi mwezi huu na uvujaji mwezi ujao.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie, haraka haraka.

Saa 8 mchana. Tunaitenga pampu kubwa kwa transista mbili mfululizo. Fundo la katikati yake, yaani pale zinapoungana, linashikiliwa na bafa, saketi ndogo inayonakili volteji ya waya wa udhibiti bila kuchota chaji yake. Transista iliyo upande wa waya inakuta volteji sawa kushoto na kulia, hivyo hakuna cha kuusukuma mkondo. Kinachovuja kinalipwa na bafa, chujio halijui. Ili simulesheni ibaki fupi, osileta tunaiwakilisha kwa modeli ya hesabu. Tungeiweka kwa transista zake zote, ingechukua usiku mzima.

Saa 10. Majibu: uvujaji umeshuka hadi chini ya nanoampea 0.1 kwa nyuzi 85. Upotevu wa usingizini sasa ni kama nusu megaherzi kwa milisekunde. Mwanafunzi amepiga picha skrini.

Saa 11 jioni. Mpangilio kwenye Magic. Kapasita kubwa ya chujio, ya tabaka za chuma, inabeba femtofaradi 2 kwa kila mikromita mraba, kwa hiyo pikofaradi 35 zinakula mraba wa mikromita 132 kila upande. Ndiyo sehemu kubwa kuliko zote kwenye PLL nzima.

Saa 2 usiku, nyumbani. Bafa inakula umeme hata redio ikiwa imelala, na ikizimwa ulinzi wote unaondoka. Nafikiria kuandika volteji ya mwisho kama namba kwenye rejista (kumbukumbu ndogo ya chipu) kabla ya kulala, bafa izimwe, na redio ikiamka namba hiyo iirudishe osileta karibu na ilipokuwa, pampu kubwa imalizie. Simulesheni ya kwanza ya wazo hilo nimeshaianzisha, kwa nyuzi 85.