Nyumba ya Babu na Moto wa Bibi

Desemba 2012, tulipopanda Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kwa ajili ya Krismasi kama ilivyo ada ya Wachaga wanaoishi mijini, tuliwakuta wazee wamekwisha kuamua kwamba msonge wa Babu uezekwe upya. Nyumba hiyo ilisimama katikati ya kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, kati ya migomba na kahawa, na paa lake la nyasi lilishuka hadi karibu na ardhi. Kwa desturi yetu kihamba cha wazazi humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho, kwa hiyo mwangalizi wake alikuwa baba mdogo. Miaka michache nyuma alimhamishia Bibi kwenye nyumba ya matofali, akaufunga msonge kwa kufuli na kukataza moto usiwashwe ndani, akiamini kwa moyo safi kwamba anaulinda.

Tulipoanza kuvua nyasi, fundi, mzee wa jirani, aliniita nizishike fito. Zile kongwe zilizokuwa juu ya mafiga zilikuwa nyeusi kwa masizi, ngumu, na ukizigonga zinalia. Upande uliokarabatiwa baada ya moto kuzimwa, fito changa zilivunjika mkononi mwangu, zimeliwa na wadudu hadi kubaki unga. Fundi akanieleza kwamba moshi hupanda hadi darini, mahali palipokaushiwa ndizi na kuni, kisha hupenya kwenye nyasi, ukizikausha na kuwafukuza wadudu.

Binamu yangu alikuwa amependekeza tuweke bati chini ya nyasi, na mimi nilikuwa nimemuunga mkono. Baada ya kuzishika fito zile niliona tulikosea: bati lingeuzuia moshi usizifikie nyasi. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikuwa imevitambua vihamba vya Shimbwe Juu, kijiji cha mkoani humohumo Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kimataifa, na kwangu nyumba ni sehemu ya mfumo huohuo: nguzo hukatwa kwenye miti ya kihamba, kamba hutokana na maganda ya migomba, na samadi ya ng'ombe waliolala humo ndani pamoja na watu hurudishwa mashinani mwa migomba hiyohiyo. Bati lingeukata mzunguko huo.

Kazi ilichukua siku nne. Jioni ya mwisho Bibi hakutaka kutazama paa kwa nje. Aliinama akaingia na makaa kwenye kigae, akayaweka katikati ya mafiga, akavuta kigoda.

“Mwanangu, lete kuni,” alimwambia baba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji.

Baba mdogo akaitua ndoo, akaenda kuzileta. Moshi ulipoanza kutoka taratibu kwenye nyasi mpya, Bibi aliuomba ufunguo wa lile kufuli, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.