Jahazi la Mawe na Mlingoti wa Kanisa

Binti yangu, ambaye siku hizi huzipekua picha za simu yangu kuliko ninavyozipekua mwenyewe, alikwama kwenye picha moja na kuniuliza kwa nini Wazungu walijenga jahazi la mawe ilhali walijua litazama. Nilimjibu kwamba halikukusudiwa kuelea. Jibu hilo halikumtosheleza, na tangu jana siku ile ya Sandefjord, mji wa Norwe nilikokwenda kumtembelea kaka, hainitoki akilini.

Kaka alikuwa kazini, kwa hiyo walionipeleka ni shemeji na baba yake, seremala mstaafu aliyezungumza Kinorwe pekee, tena kwa uchache. Shemeji akawa mkalimani wetu, ingawa nilishuku kwamba alikuwa akiyalainisha maneno ya pande zote mbili.

Istrehågan iko mpakani mwa Sandefjord na Larvik, mahali penye miti na kimya cha mashambani. Mawe yamesimamishwa wima kwa umbo la chombo cha baharini: ya ubavuni ni mafupi, na yale mawili ya omo na tezi, yaani mbele na nyuma, yanapita mita 4. Kutoka ncha hadi ncha ni takriban mita 24. Ni makaburi ya Zama za Chuma, ya miaka 1,500 hivi iliyopita, kabla Ukristo haujafika huko, na waliofukua walikuta mifupa iliyochomwa moto. Katika wilaya hiyohiyo, mahali paitwapo Gokstad, mwaka 1880 ilifukuliwa merikebu ya mbao ya Waviking iliyozikwa pamoja na mwenyewe yapata mwaka 900, nayo ina urefu wa mita 23 na ushei. Mimi niliyekulia Pangani, katika nyumba ambayo chakula, madeni na hata harusi vilingojea vyombo vya baba mkubwa virudi, sikuhitaji kuelezwa kwa nini watu wangetaka maiti wao asafiri kwa chombo. Kilichonishangaza ni kwamba vipimo vilikaribiana hivyo kati ya chombo cha mawe na cha mbao, kana kwamba hata aliyepanga mawe alikuwa na fundi wa kumshauri.

Nikiwa na wazo hilo kichwani ndipo tulipokwenda Høyjord, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Kanisa la huko ni la mbao, la aina iitwayo stavkirke, yaani lenye nguzo na kuta za mbao zilizosimamishwa wima, la tangu karne ya 12 na ya 13, nalo ndilo pekee la aina yake lililosalia katika jimbo la Vestfold. Inakadiriwa kwamba Norwe nzima ilikuwa na makanisa kama hayo zaidi ya 1,000. Leo yamebaki 28. Nilijitanda mtandio wangu wa kawaida nikaingia, na hakuna aliyeniuliza lolote.

Katikati ya kanisa, mahali ambapo katika jengo lolote lingine pangeachwa wazi ili watu waonane na padri, imesimama nguzo moja inayopanda moja kwa moja hadi juu kwenye paa. Wenyewe huiita mlingoti. Nilisimama chini yake nikainua kichwa, nikayafuata macho yangu yakipanda hadi shingo ikauma, na kwa muda ule sikuwa Norwe. Nilimwambia shemeji, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa mahali pa ibada, kwamba sasa nimeelewa: watu hawa walibadili dini lakini hawakubadili mafundi. Waliozika watu wao ndani ya majahazi ndio hao hao waliokuja kusali ndani ya jahazi.

Shemeji alitafsiri. Mzee hakutabasamu. Aliisogelea nguzo, akaigonga kwa kifundo cha kidole kama fundi anayepima tikiti, kisha akaanza kuzungumza kuliko alivyozungumza siku nzima. Ubao wa merikebu, alisema, hulazwa kwa urefu na kupandana na mwenzake. Wa kanisa hili husimama wima. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hupindwa, nguzo hunyooshwa. Chombo kisipocheza na mawimbi kitavunjika, ilhali jengo likicheza limekwisha. Akanitoa nje akanionyesha magogo mazito yaliyolazwa juu ya mawe, ambayo ndiyo yanayobeba ukuta wote. Makanisa ya kale zaidi yalichimbiwa nguzo zake ardhini, zikanywa maji, zikaoza. Yaliyodumu ni yale ambayo mtu alikuwa na akili ya kuinua mbao kutoka kwenye udongo, na akafuata mtu mwingine wa kuzipaka lami ya msonobari, na mwingine baada yake. Basi mlingoti ni wa nini, niliuliza. Akajibu kwamba kuna kimnara juu ya paa, na kimnara ni kizito.

Hatukukubaliana. Ndani ya gari nilikuwa bado napanga hoja kwamba mkono uliozoea kuchonga vyombo hauwezi kusahau kazi yake ukigeukia nyumba, lakini kupitia kwa mkalimani hoja yangu ilifika ikiwa nyepesi mno, na mzee aliitikia tu kwa kichwa. Labda alikuwa sahihi. Labda wageni wote humwambia hivyo.

Niliporudi Pangani nilimsimulia baba mkubwa nikitarajia kwamba yeye, mtu wa mkuku na kalafati, aliyezoea kazi ya vyombo, angesimama upande wangu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema yule seremala anajua kazi yake, kisha akauliza ni mti gani uliokaa muda wote huo. Nilipomwambia ni msonobari alinitazama kwa huruma, akataka kujua kama nilikuwa nimeuona mti wenyewe kwa macho yangu au niliambiwa, maana hapa kwetu mchwa wasingeuachia hata miaka mitano.