Gambuti zangu zimebaki Rufiji

Mtu akikushauri ununue gambuti ili ukasome mikoko, mwambie atangulie yeye.

Mimi ni wa Igurusi, bonde la Usangu huko Mbeya, nimekulia majarubani, na bahari niliiona nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilipochagua ikolojia ya mikoko mjomba alicheka: "Mbeya kuna mikoko wapi?" Wenzangu wa pwani wakasema nitafute gambuti ndefu. Nikazinunua Mwanjelwa, elfu thelathini na kitu, nikazipakata kwenye basi kama mtoto mchanga.

Delta ya Rufiji tulifika maji yamekupwa. Hatua ya kwanza safi, ya pili safi. Ya tatu nikazama hadi gotini, tope likajaa ndani ya gambuti. Nikavuta, mguu ukatoka, gambuti ikabaki. Nikasimama kwa mguu mmoja kama korongo, nikadaka mizizi ya mkoko, ile inayotanda kama miguu ya buibui. Kumbe imejaa chaza wenye makali ya wembe! Kiganja kikachanika. Kuinama kuiokoa ile, na ya pili ikazama. Siku hiyo ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakaanza kurudi kwa fujo, tukaambiwa twende botini. Gambuti zikaachwa.

Usiku ule nikawaza: shamba la mpunga la bibi nilitembeaje? Unatanguliza vidole, hukanyagi kisigino, na kabla ya kuinua mguu unausokota kidogo ili hewa iingie chini ya unyayo. Kesho yake nilivaa raba kuukuu, kamba nimezikaza mpaka zinauma, soksi ndefu juu ya suruali, nikawapita hao hao washauri. Pekupeku usithubutu, mizizi ya mchu, mojawapo ya aina za mikoko, inachomoza topeni kama penseli zilizochongwa.

Majina ndiyo yalinitesa kuliko tope. Mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, yote kwangu ni majani ya kijani. Nikaanza kulamba. Jani la mchu lina chumvi kwa sababu mti unaitoa kupitia majani. Mkoko wenyewe unaizuia huko huko mizizini. Mkomafi hauna shida, tunda lake mpira mzima. Kwenye mtihani wa vitendo msimamizi alinikuta nimetoa ulimi mbele ya kitawi, akaniuliza kama nimekula asubuhi. Nilipata A.

Likizo mjomba karudia swali lake lile lile. Nikamsimamisha kwenye mfereji wake wa mpunga: maji haya ukiyaachia yanaingia mto Ruaha Mkuu, yanapita mabwawa ya Mtera na Kidatu, yanaingia Rufiji mpaka kwenye mikoko. Maji ya mto yakipungua, chumvi inapanda juu zaidi. Na Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi tangu miaka ya 1990, sisi wa Usangu tukiwa na vidole vyetu humo.

Akaangalia mfereji kitambo, kisha akauliza zile gambuti zilikuwa namba ngapi.