Shoga yangu na swali la "Uko na nani?"

Wivu wa mume una pa kuupeleka. Kuna wazee wa pande mbili, kuna somo aliyekufunda, na hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida inataka ugomvi upite Baraza la Usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani. Sasa shoga yako akikuganda, unamshitaki wapi?

Wangu tumekua naye Makorora, hapa Tanga. Mambo yaliharibika nilipoingia mchezo wa akina mama wa sokoni, ule wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Nikivaa sare na wenzangu wa mchezo kwenye harusi, usiku sauti yake iko WhatsApp: "Leo uko na nani?" Nisipojibu, asubuhi ameshapiga picha kanga, upande wa jina tu, kaiweka status: SHUKRANI YA PUNDA MATEKE. Mtaa mzima unajua nasemwa mimi.

Dada zangu wakanishauri ninunue yangu nimjibu. Vita vya kanga, jamani, anayefaidi ni mwenye duka. Nikamfuata kwao baada ya alasiri, nikamkuta uani anachambua mchicha. Nikavuta kigoda nikachambua naye.

"Shoga, ukiniuliza niko na nani, sikujibu tena. Ukiniuliza nimeamkaje, nakujibu hata usiku wa manane."

"Kwa hiyo mimi nimekuwa polisi?"

"Umekuwa."

Akacheka cheko la hasira, mikono haisimami. Mchicha ulipokaribia kwisha ndipo akasema kwamba tangu aachike, anayemgongea mlango ni mimi na mwenye nyumba anayedai kodi. Hapo sikumwambia "usijali". Nilimwambia Ijumaa jioni ni yake, nakuja na simu naizima. Siku nyingine nikiwa na watu wengine, hayo ni yangu.

Kazi ilikuja baadaye. Akawa anapiga mfululizo, simu inalia mpaka wateja wananitazama. Sikupokea. Ukipokea ya kumi umemfundisha kwamba akipiga kumi unapokea. Jioni nampigia mwenyewe, naongea vizuri kabisa, ila hesabu ya nilikokwenda simpi. Na Ijumaa siikosi, hata kama nimechoka vipi, kwa sababu nikiikosa hiyo ndiyo nimempa haki ya kuniuliza.

Nilijaribu kumwingiza kwenye mchezo, akakataa, eti wale wanawake wana kelele. Wana kelele kweli. Nikaacha, si lazima marafiki zangu wapendane.

Wivu upo, ila umepungua makali, na kanga hajaniwekea tena. Juzi tulivaa sare, akaona picha, akaniandikia: "Dera limekukaa. Hao wenzako vilemba hawajui kufunga."

Nikamjibu la dera tu.