Siku moja maishani mwangu: zamu ya mtabiri wa hali ya hewa, hewa ikigoma kuondoka

Saa 11 alfajiri. Nikishika zamu siku kama hizi, swali langu la kwanza ni joto limeshuka hadi wapi usiku. Leo vipimajoto vingi havikwenda chini ya nyuzi 24, na namba hiyo inanitia wasiwasi kuliko ile ya mchana. Mwili hutegemea usiku upate kupoa. Usiku ukikosa ubaridi mfululizo, wazee na wagonjwa wa moyo ndio huzidiwa kwanza. Kiangazi cha mwaka 2003 kiliua zaidi ya watu 70,000 barani Ulaya, wengi wao wazee.

Saa 12. Nafungua ramani ya hektopaskali 500 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), yaani hewa iliyo kilomita tano na nusu hivi juu ya vichwa vyetu. Juu zaidi, kilomita 9 hadi 12, hupita mkondo wa jeti, upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuizunguka dunia. Mkondo huo haunyooki. Hujipinda kaskazini na kusini katika mawimbi makubwa, mawimbi ya Rossby, yaliyopewa jina la Carl-Gustaf Rossby, mwanasayansi wa hali ya hewa aliyeyaeleza kwa hesabu mwaka 1939. Kwa kawaida mawimbi husogea, nayo hali ya hewa husogea pamoja nayo: joto siku mbili tatu, kisha mvua, kisha ubaridi.

Leo hayasogei. Mgandamizo mkubwa wa hewa umekaa katikati, migandamizo midogo imeubana magharibi na mashariki, na mkondo wa jeti unalazimika kupanda kaskazini na kushuka tena, ukichora umbo la herufi ya Kigiriki omega. Hali hii tunaiita kizuizi. Kikishajengeka huweza kukaa siku nyingi, hata wiki kadhaa. Mwaka 2010 kimoja kiliikalia Urusi ya magharibi Julai yote hadi katikati ya Agosti; Moscow ikafika nyuzi 38.2 tarehe 29 Julai. Upande wa mashariki wa kizuizi hichohicho, hewa ya juu ilishuka kusini, ikakutana na pepo za monsuni, ikachangia mafuriko makubwa ya Pakistani. Wengine waliungua, wengine walisombwa na maji, na mpangilio wa hewa ulikuwa mmoja.

Saa 2 asubuhi. Nasoma vipimo vya puto la kupima hewa lililorushwa usiku. Vituo vya dunia nzima hurusha maputo haya kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku. Kwenye mchoro, mstari wa joto na mstari wa unyevu umeachana sana, ishara kwamba hewa inashuka. Ndani ya mgandamizo mkubwa hewa hushuka polepole, hubanwa, na kwa kubanwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka mkononi. Kila kilomita inayoshuka inaongeza karibu nyuzi 10, na mawingu hayapati nafasi ya kujijenga.

Natafuta namba moja: joto la mita 1,500 juu. Ni nyuzi 22. Jua likipiga ardhi na kuichanganya hewa yote hiyo hadi chini, tunaongeza kama nyuzi 15. Kwa hiyo leo ni 37.

Saa 4. Mkutano. Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Masafa ya Kati huendesha modeli yake ya kompyuta mara 50 kwa tofauti ndogondogo za kuanzia, juu ya utabiri wa msingi. Nyingi zinakishikilia kizuizi hadi mwisho wa wiki, kisha kila moja inakwenda njia yake. Natetea tahadhari ndefu, kwa sababu modeli zina tabia ya kuvivunja vizuizi mapema mno.

“Dada, ni kweli kwamba Aktiki, kule Ncha ya Kaskazini, inapata joto haraka ndiyo maana mkondo unalegea?” kijana wa zamu ananiuliza. Namwambia ukweli: wanasayansi bado wanabishana. Lisilobishaniwa ni kwamba dunia imeshapata joto, kwa hiyo kizuizi kilekile cha zamani leo kinaanzia kwenye joto la juu zaidi.

Saa 6 mchana. Namba zinapanda kama tulivyotarajia.

Saa 9 alasiri. Kilele: 38, nyuzi moja juu ya hesabu yangu. Nadhani jibu liko kwenye udongo. Ardhi yenye maji hutumia sehemu kubwa ya nguvu ya jua kugeuza maji kuwa mvuke. Ikikauka, nguvu hiyo huenda moja kwa moja kuipasha hewa. Joto la leo hubaki kwenye hewa ya juu usiku kucha na kuchanganyika na la kesho, kwa hiyo kila siku inayopita kizuizi hujiongezea nguvu chenyewe. Ndiyo maana nachukia tunapotangaza “kilele cha leo” peke yake. Siku ya sita ya nyuzi 36 ni hatari kuliko siku ya kwanza ya 38.

Saa 11 jioni. Hospitali inapiga simu. “Niambie litakwisha lini, nipange wauguzi.”

“Panga kwa siku tano, kaka, na usiku uuhesabu kama mchana.”

Tahadhari inatoka, na mstari wa kwanza ni wa joto la usiku. Nimeupigania mstari huo.

Saa 1 usiku. Namkabidhi mwenzangu zamu. Aangalie mgandamizo mdogo wa magharibi: ukianza kusogea, hewa yenye unyevu itaingia chini ya hii kavu, na kizuizi kitavunjika kwa radi na upepo mkali. Ramani ya usiku wa manane ikionyesha hivyo, anipigie saa yoyote, kwa maana tahadhari ya dhoruba italazimika kutoka kabla ya ile ya joto kuondolewa.