Vile nilirudishiwa pensheni yangu ya jeshi (na msiniambie nakula mara tatu)

Julai tulikuwa tunachoma mbuzi nyuma ya nyumba hapa North Carolina, Wakenya wamejaa, shemeji yangu kutoka Minnesota akasimama na sahani yake akasema mbele ya watu wote ati "huyu bwana anakula serikali ya Marekani mara tatu, pensheni ya jeshi, hela ya VA, na ya Social Security juu." (VA ni idara ya wanajeshi wastaafu, inalipa ulemavu uliotoka jeshini; Social Security ni bima ya serikali inayokatwa kwenye mshahara, inamlipa pia asiyeweza kazi.) Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nageuza mbavu, nikacheka pia, lakini lile neno lilinikwama kooni mpaka leo. Angejua vile hiyo pensheni ilinitoa jasho angekula nyama yake akanyamaza.

Kwa kifupi tu, nilikuja na grinkadi ya lotari 2003, nikahudumia wazee kwenye nursing home miaka mitatu, 2006 nikaingia Army. Kazi yangu ilikuwa kupakia parachuti, na mpakiaji lazima awe tayari kuruka na yoyote aliyopakia, ndo njia ya kuhakikisha hapakii ovyo. Nimeruka mara 41. Ile ya 23 ndo iliniharibu mgongo. 2019 bodi ya madaktari ikanistaafisha nikiwa na miaka 13 ya kazi, VA wakanipa ulemavu wa asilimia 80. Tukakaa na mama watoto tukapiga hesabu: pensheni kama elfu moja na mia tano, VA kama elfu moja na mia tisa, hapo tutaishi bila presha.

Mwezi wa kwanza hela ya VA ikaingia. Pensheni sifuri. Nikadhani kompyuta imekosea, nikangoja mwezi wa pili, sifuri tena, na karatasi imeandikwa wazi kabisa kwamba imekatwa yote kwa sababu napokea VA.

Kumbe hiyo ni sheria ya tangu 1891, ukichukua dola moja ya ulemavu unaachia dola moja ya pensheni. Walikuja kuilegeza 2004 kwa wale wenye miaka 20 jeshini na VA ya asilimia 50 kwenda juu, inaitwa CRDP, wakarudishiwa polepole polepole mpaka 2014 ikawa kamili. Sasa mimi na miaka yangu 13 hapo siingii. Lakini nilikuwa sijui, nikamuuliza rafiki yangu mmoja Mganda aliyestaafu na miaka 22 akaniambia "ndugu yangu wewe tulia, hiyo inakuja yenyewe, mimi sikujaza hata fomu." Na hakuwa anadanganya, kwake ilikuja yenyewe! Nikatulia miezi minane. Mama watoto anachukua zamu za usiku mbili mbili, mimi nimetulia nangoja kitu ambacho hakiko njiani. Kwa hivyo ukiuliza mtu mambo haya, kwanza muulize alitumikia miaka mingapi.

Kwa watu kama mimi kuna kitu kingine, CRSC, malipo ya kufidia pensheni iliyokatwa, kilianza 2003 na sisi tuliostaafishwa na madaktari kabla ya miaka 20 tukaongezwa 2008. Hicho hakiji chenyewe. Lazima uombe kwa jeshi lako, fomu DD 2860, na lazima uonyeshe ulemavu wako unahusiana na vita.

Hapo kwa "vita" ndo nilijiharibia. Kinyozi ninakonyolewa ni kama bunge, na Wakenya wawili watatu waliowahi kuvaa gwanda wote wakanipa shauri moja: "Sema Iraq. Kila kitu sema Iraq." Na kweli nilikuwa Balad, huko Iraq, 2008, nimevuta moshi wa lile shimo la kuchomea takataka za kambi mpaka nikazoea. Nikaandika barua kurasa tatu. Wacha nikwambie, ile barua ilikuwa tamu! Nilianza na babu yangu aliyepigana Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, nikaja kwa jua la Iraq, nikaja kwa mgongo, nikamalizia na Mungu ibariki Marekani. Nikaambatisha faili langu lote la hospitali, kurasa mia saba na kitu, bila kupanga, nikasema hao ni wasomi watatafuta wenyewe. Posta peke yake ilinila karibu dola hamsini.

Wakanijibu kwa aya mbili. Maombi yamekataliwa, rekodi zangu zenyewe zinaonyesha mgongo ulianza kuuma 2010 nikiwa North Carolina, hakuna kinachouhusisha na Iraq. Yaani nilijikaanga na mafuta yangu mwenyewe. Kama ningesema ukweli tangu mwanzo ningekuwa sawa, na hilo ndo linaniuma zaidi.

Katikati hapo kuna kampuni ilinipigia ati watanisaidia kuongeza VA, malipo yao ni nyongeza ya miezi mitano. Nikawauliza kama watanifanyia na hii CRSC, hata hawakuijua. Nikakata simu.

Nikaenda kwa afisa wa kaunti anayesaidia wanajeshi wastaafu. Bure, hata chai nilipewa. Mama mmoja mzee, mwenyewe alikuwa Air Force, akasoma barua yangu yote ya babu bila kucheka (alijikaza, nilimuona), halafu akaivua miwani akaniuliza, "Sasa niambie, uliumia wapi?" Nikamwambia kwa aibu, si vita, ni mazoezi tu, tuliruka usiku, upepo ukageuka, badala ya kuanguka miguu pamoja nijiviringishe nilikaa chini kwa matako kama mtu amevutiwa kiti, mzigo wa kilo arobaini umefungwa kiunoni. Akapiga meza. "Kuruka na parachuti kunahesabika!" Kumbe kwa CRSC "vita" ni pana: kuna risasi zenyewe, kuna mazoezi yanayoiga vita, kuna kuumizwa na chombo cha vita, na kuna kazi za hatari kama kuruka. Miaka yote hiyo nilikuwa naficha kitu ambacho ndo tiketi yangu.

Akataka ushahidi. Kwenye zile kurasa mia saba kulikuwa na karatasi moja ya sick call, yaani kliniki ya asubuhi ya wanajeshi wagonjwa, 19 Machi 2010, saa kumi na mbili asubuhi, "maumivu ya mgongo baada ya kutua". Kutua wapi? Ungeweza kusema nimetua kutoka kitandani. Tulihitaji fomu 1307, kadi ya kuandika kila ruko lako, na nakala yangu ilikuwa imepotea. Nilipekua gereji, nikapekua buti, nikalaumu watoto. Wiki tatu. Siku natafuta pasipoti kwa sababu ya safari ya nyumbani, nikafungua kile kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, si ndo kadi ikaanguka, imekunjwa mara nne, ina doa la chai. Mstari wa 23: 18 Machi 2010, usiku. Nilipiga kelele mama watoto akadhani nimeanguka tena.

Mara ya pili nilituma kurasa nne. Fomu, ile kadi, karatasi ya sick call, na barua ya uamuzi wa VA. Nikapaka rangi ya njano kwenye tarehe mbili tu, 18 na 19. Babu nilimwacha apumzike.

Maombi yakapita 2021. Kwa asilimia, mgongo 40, neva ya mguu 20, na usidhani ni 60, hesabu yao ni kwamba 40 ikitoka unabaki na 60, 20 ya hiyo ni 12, jumla 52, wanashusha 50. Halafu kwa sisi wa miaka michache wanaweka na kikomo kulingana na miaka uliyotumikia. Inanijia elfu moja na kitu kwa mwezi, haikatwi kodi, na malimbikizo ya tangu 2019 yalikuja mara moja, elfu ishirini na kitu. Na wazee walioambiwa malimbikizo mwisho miaka sita, waende waulize upya, Mahakama ya Juu ilikataa hicho kikomo kwa CRSC Juni 2025.

Ya Social Security sitaiongea sana. Nilipopasuliwa mgongo nikashindwa kufanya kazi niliomba, nikakataliwa mara mbili, jaji akanipa, wakili akachukua robo ya malimbikizo. Ile 80 ya VA haikunisaidia chochote, huko hawana nusu nusu, ama huwezi kazi ama unaweza. Tatizo langu lilikuwa kujikaza kisabuni, naulizwa unaweza kukaa muda gani najibu "nitajaribu". Sema dakika, kaka.

Sasa shemeji alinitumia mpaka ripoti ya wakaguzi wa Congress ya 2014, ati watu 59,251 walikuwa wanapokea zote tatu. Nikamwambia soma mbele, wastaafu walikuwa milioni 1.9, hiyo ni kama asilimia 3. Pensheni ni ya miaka niliyofanya kazi. VA ni ya mgongo. Social Security walinikata kwenye kila mshahara tangu nikibadilisha wazee mashuka. Kama kuna mtu ana asilimia 100 na anabeba vyuma jimu, na mimi namjua mmoja na ananikera, huyo akapimwe upya, haihusu kwamba analipwa na ofisi mbili. Na bado kuna waliopigwa risasi kabisa wanakatwa pensheni kwa sababu hawakufika miaka 20, mswada wa kuwarudishia una jina la Meja Richard Star aliyefariki 2021 kwa kansa ya mapafu, na Congress wameupiga danadana miaka na miaka.

Wiki hii shemeji kapiga simu, sauti ya chini. Kijana wake yuko Navy, goti limelegea, ati nianzie wapi. Nikamwambia anitumie picha za karatasi zote za kliniki. Amenitumia moja, imepinduka, na kidole chake kimeziba tarehe.